"Hali yake imehifadhiwa"

Baba yangu mdogo alipopatwa na kiharusi, daktari alitoka reanimasio akazungumza nami kwa Kifaransa, kwa kuwa mama mdogo alikuwa amemwambia kwamba ninasoma lugha. Alisema: "Pronostic réservé." Nikawageukia jamaa: "Anasema hali yake imehifadhiwa." Mama mdogo akamshukuru Mungu. Alielewa kwamba mume wake anatunzwa vizuri. Daktari alimaanisha kwamba huenda asipone.

Kosa hilo lilidumu siku mbili. Baba mkubwa alikwisha kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili tulipie mashine ya kupumulia. Sisemi kwamba hatungeuza, pengine tungeuza. Lakini tungeuza tukijua.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hata hivyo karatasi tuliyopewa tutie sahihi ilikuwa ya Kifaransa, na mkalimani alikuwa mtoto wa nyumba ileile. Mtoto hawezi kumtamkia mama yake kifo. Hata ningaliijua maana, nadhani ningalilipunguza neno makali.

Aliyetusaidia ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alituketisha kwenye benchi, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani: "Tunaogopa mzee atakufa, hata kwa mashine." Kisha hakuuliza "Mnataka nini?" Swali hilo tulikuwa tumeulizwa mara tatu, na kila mmoja alinyamaza, maana nani atakubali kuitwa aliyemwua ndugu yake? Yeye aliuliza: "Kama angeweza kusema, yeye angetaka nini?" Hiyo -nge- tunayoichambua darasani ilitutoa kwenye woga. Tukaanza kumzungumzia mgonjwa mwenyewe. Mama mdogo akakumbuka maneno aliyoyasema alipokuwa akimwuguza mama yake, kwamba yeye asifungwe mipira. Baba mkubwa akainamisha kichwa, akasema basi.

Katika kozi ya tafsiri tunafanya hotuba na makala ya magazeti. Naomba walimu wetu watenge saa chache kwa ukalimani wa hospitali, pamoja na wenzetu wa utabibu: mmoja awe daktari, mwingine mke wa mgonjwa, wa tatu afasiri bila kuficha. Mazungumzo ya zoezi la kwanza niko tayari kuyaandika mimi. Kosa la kusahihisha ninalo.