Kamati ya Harusi Tunayo, Kamati ya Karo Iko Wapi?



Ndugu zangu wazazi wa Mbale, hasa sisi wa upande wa Industrial, Namatala na Malukhu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo sote tunalijua lakini tunaliona haya. Watoto wetu wanamaliza mtihani wa S.6 mwisho wa mwaka, matokeo yanatoka mapema mwaka unaofuata, na vyuo vingi vinafungua Agosti. Hiyo ni miezi minane hivi. Katika miezi hiyo mtoto anakaa nyumbani, mzazi anasema "tutaona", na Agosti ikibisha hodi tunaanza kukimbia huku na huku kana kwamba habari ya karo tumeisikia jana.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kijana wangu wa kwanza alimaliza S.6 mwaka 2017. Matokeo yalipotoka alikuwa na prinsipo moja na sabsidiari mbili. Kwa kanuni za Uganda, shahada ya chuo kikuu inataka prinsipo mbili. Diploma inataka prinsipo moja na sabsidiari mbili. Kwa hiyo mlango wa kijana wangu ulikuwa wazi kabisa, tena hapa hapa mjini, lakini mimi sikutaka kuuona. Nilikuwa nimeshawaambia majirani na mashemeji kwamba mwanangu anakwenda "yunivasiti". Ningewaambiaje sasa kwamba anakwenda kusomea umeme, avae overoli?

Tukasikia kuna taasisi moja, jina silitaji, inayopokea vijana kama yeye na kuwapa "digrii" bila maswali mengi. Baba watoto akachukua hati ya kiwanja chetu akaiweka rehani kwa mkopeshaji. Tukalipa muhula wa kwanza, tukanunua godoro na sanduku, tukapiga picha. Kabla ya muhula kwisha kijana akarudi nyumbani. Kozi ile haikuwa imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Pesa haikurudi. Kiwanja tulikikomboa kwa taabu, baada ya kuuza vitu ambavyo hatukupenda kuviuza. Lakini kilichoniuma zaidi ni kijana mwenyewe. Alikaa miezi mingi hasemi, anakula kidogo, akiona wenzake njiani anapita njia nyingine. Sikupata usingizi. Nilijua kwamba aibu niliyokuwa naikimbia mimi nimemtwika yeye.

Agosti 2019 alianza diploma ya umeme katika chuo cha ufundi. Corona ikafunga vyuo Machi 2020, akasubiri kama wenzake wote, kisha akarudi akamaliza. Leo anafunga nyaya na kutengeneza mitambo, na mdogo wake wa S.3 analipiwa karo na yeye. Alhamdulillah. Siandiki haya kujisifu. Naandika kwa sababu nawaona wazazi wengine wanashika njia ile ile niliyopita mimi.

Ndugu zangu, hebu tutazame kilicho karibu nasi. Hapa Mbale kuna Uganda Technical College Elgon, chuo cha serikali cha ufundi na uhandisi, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyuo vinne vilivyochaguliwa kuimarishwa katika mradi wa ujuzi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kuna vyuo vya afya vinavyofundisha maofisa wa kliniki na wakaguzi wa afya. Kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Nkoma, kilichofunguliwa mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na hicho nacho hakitoi shahada peke yake, kina diploma na vyeti vilevile. Anayetaka uuguzi anaweza kutazama Jinja, ambako kuna shule ya uuguzi na ukunga ya serikali. Na aliyeishia S.4 pia hajafungiwa mlango. Ziko taasisi za ufundi zinazompokea kwa cheti cha miaka miwili, na kwa cheti hicho anaweza kuomba diploma, na kwa diploma akaomba shahada. Makerere na Kyambogo zinapokea wenye diploma. Njia ni ndefu kidogo, lakini inafika.

Halafu tazameni kazi iliyopo. Mwaka 2018 ilizinduliwa hapa hapa Industrial bustani ya viwanda ya Sino-Uganda, ekari 619. Vijana wetu wengi wamekwenda pale kuomba kazi mikono mitupu, wakapewa ya kubeba na kupanga maboksi. Mwenye kujua umeme, mitambo au hesabu za stoo haulizwi swali lile lile. Kumbukeni pia usiku wa mwisho wa Julai 2022, maji ya Nabuyonga na Namatala yalipotoka kwenye mikondo yake yakachukua watu na nyumba zao. Siku zile kila mtu alisema mji huu unahitaji watu wa madaraja, mitaro na ramani za ujenzi. Watu hao watatoka wapi kama sisi wenyewe tunamcheka kijana anayekwenda kusomea ujenzi?

Sasa nije kwenye neno langu kubwa, na naomba mnisamehe nikiwagusa. Tunasema hatuna pesa. Si kweli kabisa. Kijana akitangaza harusi, ndani ya wiki moja kuna kamati. Ina mwenyekiti, mweka hazina, katibu wa daftari la ahadi, mikutano kila Jumapili, na atakayeahidi akachelewa anapigiwa simu mpaka aone haya. Imbalu ikifika, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, pale Mutoto ngoma zinaanza, na kwa miezi inayofuata familia zinachinja, zinapika na zinalisha ukoo mzima. Sipingi harusi, ni Sunna. Sipingi mila ya wazee wetu pia, na kumtahiri mtoto ni wajibu wetu. Ninachouliza ni hiki tu: Agosti ile ile ya ngoma ndiyo Agosti ya kufungua chuo. Kwa nini mjomba aliyetoa ng'ombe wa sherehe hakuulizwa hata mfuko mmoja wa saruji wa kumsomesha yule yule kijana aliyemchezea ngoma?

Jibu ni kwamba hatukumwomba. Tumezoea kwamba furaha ni ya ukoo, bali karo ni siri ya baba na mama. Ndiyo maana napendekeza kila familia yenye mtoto wa S.6 iunde kamati ya karo, kama tunavyounda ya harusi, daftari hilo hilo na simu hizo hizo. Ianze Desemba, mtihani ukiisha, isingoje matokeo. Shangazi akiahidi shilingi elfu kumi kwa mwezi, kwa miezi minane ni elfu themanini. Wakipatikana watu kumi wa namna hiyo ni laki nane. Huenda isitoshe kila kitu, lakini mtakuwa hamtoki sifuri, na hati ya kiwanja itabaki sandukuni.

Wako watakaosema, "Pesa ya watu italiwa." Hofu hiyo ni ya haki. Basi pesa iwekwe na watu wawili wanaoaminika, na ikilipwa ilipwe benki moja kwa moja kwa jina na namba ya mwanafunzi, risiti isomwe mbele ya wote. Wengine watasema, "Mimi nina wangu sita." Vizuri, na zamu yao itakuja, na daftari litakumbuka nani alitoa.

Miezi ile minane tuitumie hivi:

Kwanza, karatasi. Chukueni hati ya matokeo shuleni mapema. Kama kuna deni la shule, lijulikane Machi, si Agosti. Kitambulisho cha taifa kiwepo, na majina yalingane kwenye karatasi zote. Mtoto aliyeandikwa Hussein shuleni na Hussen kwenye kitambulisho atazungushwa sana.

Pili, nendeni chuoni kwa miguu yenu, mzazi na mtoto. Tazameni karakana, ulizeni wanafunzi waliopo. Na kabla hamjalipa hata shilingi moja, ulizeni kwenye mamlaka inayohusika kama kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Laiti ningefanya hili moja, nisingeandika makala hii.

Tatu, hesabu kamili. Karo si gharama yote. Kuna ada za shughuli za chuo, ada ya mtihani, overoli na viatu vya kazi, vyombo vya kuchorea, nauli au hosteli, na miezi ya mafunzo ya kazini ambayo mtoto anakula lakini halipwi. Mtoto anayesoma mjini hapa akilala kwao anaokoa fedha nyingi. Serikali nayo ina mpango wa mikopo ya wanafunzi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, unaofikia shahada na diploma. Mkopo wake hulipa karo, haulipi chakula wala malazi. Masharti yake yasomeni vizuri, na mumuulize sheikh wenu kabla ya kutia saini.

Nne, mtoto afanye kazi. Akae kwa fundi, dukani, au kwenye gereji ya mjomba. Ajifunze kompyuta. Ajue kupika wali wake na kufua nguo zake, wa kiume pia. Na azoee kusimamia swala yake mwenyewe, maana huko hakuna mama wa kumgongea mlango alfajiri. Aulize mapema sala itaswaliwa wapi na Ijumaa wanaachiwa saa ngapi, na aombe kwa adabu. Mara nyingi anayeuliza kwa adabu husikilizwa.

Nimalizie na mabinti. Miezi hii ya kungoja ndiyo posa huja kwa wingi, na nimeona wengi wakiolewa kati ya matokeo na Agosti, si kwa kuwa walitaka, bali kwa kuwa karo ilikuwa haipo na mahari ilikuwa mlangoni. Mwaka huu binti yangu yuko katika miezi hiyo hiyo. Anataka kusomea ujenzi. Shemeji yangu mmoja alikuja na habari za mchumba, mtu mzuri, simsemi vibaya. Nikamwambia, "Shemeji, karibu sana, lakini kwanza andika ahadi yako humu." Nikampa daftari. Alicheka, akalitazama kwa muda, kisha akaandika elfu ishirini. Na kijana wangu yule wa umeme ndiye aliyeandika mstari wa kwanza.

Mchumba akiwa na subira atamkuta binti na diploma yake, na akishindwa kungoja, riziki yake iko kwingine. Tusisahau kwamba neno la kwanza alilopokea Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa amri ya kusoma.

Basi ndugu zangu, nunueni daftari wiki hii. Lile la harusi mkiwa nalo bado lina kurasa tupu nyuma, hilo hilo linatosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye elimu yenye manufaa na mikono yenye kazi ya halali, na atufanyie wepesi sisi wazazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.