Daftari la Wiki: Kutoka Lambwe Hadi Muhuru

Mbung'o hatagi mayai. Jike hubeba buu moja tumboni, hulilisha humo humo hadi likomae, kisha hulidondosha kwenye udongo laini penye kivuli. Baada ya siku tisa au kumi hudondosha jingine. Hata akijaliwa maisha marefu, watoto wake ni wa kuhesabika. Uzazi huo mchache ndio udhaifu wake: ukimpunguza kila siku bila kuchoka, hawezi kujaza pengo. Bonde la Lambwe, magharibi mwa Kenya, limepona malale anayoyaeneza kwa sababu kuna watu ambao hawakuchoka.

Silaha yao ni kitambaa. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi humshawishi atue, na chupa ya mkojo wa ng'ombe uliovunda humhakikishia kwamba hapa pana mnyama wa kunyonya damu. Akiruka kwenda juu kutafuta mwanga, anaingia kwenye wavu asikotoka. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi wakiwa kwenye kituo chao cha Mbita, karibu kabisa na bonde lenyewe. Wanakijiji ndio walioshona mitego, wakaisimika, na kuirudisha kila ilipoangushwa na mifugo.

Malale ya huku ni ya aina kali. Kimelea chake hukaa ndani ya pongo na wanyama wengine wa porini bila kuwaua, na kikiingia kwa binadamu humla haraka: homa, kisha kuchanganyikiwa, kisha ule usingizi usioamshika. Ng'ombe nao hukonda hadi mbavu zikahesabika. Ndiyo maana vizazi kadhaa vililiogopa bonde lenye nyasi nzuri namna hii, lililolala kati ya mteremko mkali wa Kanyamwa na vilima vya Gwasi.

Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini alipatikana mwaka 2009. Habari hiyo ilipita magazetini kama upepo, siku moja ikazimwa na kelele za siasa. Kwangu mimi ni mojawapo ya ushindi mkubwa wa taifa hili tangu uhuru, na mahali pa kuusherehekea palikuwa hapa Lambwe, kwa ng'ombe kuchinjwa na wazee walioshona mitego kuketishwa mbele.

*

Mbung'o, kwa ubaya wake wote, alilinda kitu kimoja. Pale ambapo watu waliogopa kulima, wanyama walibaki. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Ndani yake wamo korongo, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Hapa ndipo makao yao ya mwisho nchini Kenya. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu.

Kumi na watano! Darasa moja la shule ya msingi ya jirani lina watoto wengi zaidi ya hao. Moto mmoja wa nyasi ulioshindikana, ukame mmoja, mitego michache ya waya, na watoto wa Lambwe watamjua korongo kwa picha. Shirika la Wanyamapori linafanya kazi yake, lakini nasema wazi: Wakenya wanaolipa fedha nyingi kwenda Maasai Mara kila Desemba wamelisahau bonde hili, na kusahauliwa kwake ni sehemu ya hatari inayomkabili mnyama huyu. Kila Aprili, mvua zikishika, mbayuwayu wa buluu hurejea Ruma kutoka kusini, nao ni ndege walio hatarini vilevile.



*

Kusini mwa bonde, ukishaingia upande wa Migori, kuna Thimlich Ohinga. Ni kuta za mawe makavu, bila udongo wala chokaa, zilizosimama tangu karne ya 16. Mahali pengine zinazidi mita nne kwenda juu. Waliozijenga waliyapanga mawe kwa ustadi hivi kwamba uzito wa jiwe moja unalibana jingine. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Milango ni mifupi, lazima uiname, na hiyo ilikuwa shabaha: adui anayeingia akiwa ameinama hawezi kurusha mkuki.

*

Karungu ni ghuba tulivu ya Ziwa Viktoria, yenye mitumbwi michache kivukoni na mji wa Sori pembeni yake. Mgeni asiyejua historia atadhani hapajawahi kutokea chochote. Kumbe serikali ya kikoloni iliweka hapa makao yake ya kwanza ya wilaya ya Kavirondo Kusini, kabla hayajahamishiwa Kisii. Mwaka 1911 alifika Felix Oswald, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, akachimba mifupa ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo mwenye pembe zilizochomoza kwenye taya la chini. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, kikiwa na jina linalosema alikuwa peke yake katika nchi ya malale. Peke yake! Na wapagazi, wapishi, wachimbaji na wenyeji waliomwonyesha njia, hao walikuwa nani? Mifupa ile haikujibeba yenyewe.

Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vichanga, Wajerumani waliingia kupitia Karungu, wakapanda hadi Kisii, na tarehe 12 mwezi huo vikosi vyao vikapigana huko na vya Waingereza. Katika ghuba hii hii meli ya Waingereza, Winifred, ilipambana na ile ya Wajerumani, Muansa. Waliokufa kwa ajili ya vita hivyo vya wageni wengi wao walikuwa Waafrika, na sikuona hata jiwe moja la kuwakumbuka kando ya maji.

*

Muhuru ni ukingo wa Kenya. Mbele ni ziwa, kusini ni Tanzania. Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Novemba 1886: mstari uanze pwani, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi mahali ambapo nyuzi moja kusini mwa ikweta inaikata pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1890 wakauvusha juu ya maji yenyewe. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Ukoo uliokuwa mmoja ukajikuta Kenya na Rorya ya Tanzania, na hadi leo lugha ya Muhuru ni lugha ya Shirati, ng'ambo ya pili.

Kwa kukata huko Kenya ilipata kama asilimia 6 tu ya ziwa. Utaelewa basi kwa nini Migingo, kisiwa cha mawe kisichofika hata ekari moja, kilichojaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, kiliwafanya Wakenya na Waganda wakunjiane ndita mwaka 2009. Ugomvi ulikuwa wa sangara walio kwenye kina kirefu cha maji yanayokizunguka.

Asubuhi mji huu una sauti ndogo. Mitumbwi ya omena imerudi; wavuvi hufanya kazi usiku usio na mwezi, taa zikielea majini kuwavuta samaki, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi huo hufungwa ili omena wazaane. Wanawake hutandaza nyavu kuukuu ardhini na kuanika. Nilimsogelea mmoja wao.

"Oyawore, mama."

"Oyawore ahinya, mwanangu. Umekuja kununua au kuangalia?"

Nilinunua. Kisha akaniambia shida yake bila kuacha kugeuza omena. "Wateja wangu wazuri wako ng'ambo. Dada yangu mwenyewe ameolewa huko. Lakini nikibeba gunia moja, njiani naulizwa maswali kama niliyebeba bunduki. Siku nyingine natoa kitu kidogo ili nipite, faida yote inaishia hapo."

Shida yake imenifanya nifikirie sana Nakhon Phanom, mji mtulivu kaskazini mashariki mwa Thailand, ukingoni mwa mto Mekong. Ng'ambo ya mto ni Laos, na watu wa kingo zote mbili huzungumza lugha zinazoelewana, sawasawa na Muhuru na Shirati. Mji ule umeutumia mpaka wake. Kando ya mto kuna njia ya kutembea na masoko. Nyumba ya kijiji jirani ambamo Ho Chi Minh, mwanamapinduzi wa Vietnam, alijificha miaka ya 1920 hutembelewa na wageni. Na mwaka 2011 lilifunguliwa daraja la kuvuka hadi Thakhek. Utulivu wao haukupotea kwa kufunguliwa njia. Wenyeji wamepata kipato kutokana nao.

Sisi hatuhitaji kuanza na daraja. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Gunia la omena halikaribii hata robo ya kiasi hicho. Nilipomweleza mama yule, alisimama, akafuta mikono, akaniuliza kama nina hakika. Hakuwa amewahi kusikia.

Kituo kikubwa cha pamoja cha mpakani kiko Isebania na Sirari, kwenye barabara kuu ya lami, mbali na mwanamke mwenye gunia moja na nauli ya kuhesabu. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Migori na wenzao wa mkoa wa Mara, Tanzania: chapisheni orodha ile ya bidhaa kwa Kiswahili na Dholuo, pamoja na ada halali zinazotakiwa, kwa herufi kubwa. Isimikeni ufuoni Muhuru na ufuoni Shirati, mahali wanapoanika omena, na muweke afisa wa kutoa cheti siku za soko.