Mwana Akiitwa Jeshini

Wazee wa pwani husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maneno hayo hutajwa zaidi mwana anapougua, lakini yafaa pia kwa siku ile ambayo mwana mzima, mwenye afya njema na furaha tele, anafunga mfuko wake aende kufunzwa uaskari. Majirani huja kupongeza, vijana wenzake humwonea wivu, na kila mpita njia husema kwamba nyumba hiyo imepata bahati. Wazazi hushukuru na kutabasamu. Lakini usiku hawalali.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Majengo, katika kisiwa cha Mombasa. Baba alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya mlango. Mwana wao wa pili ameitwa jeshini, na mafunzo ya makurutu yako Eldoret, mwendo wa kilomita 800 hivi kutoka baharini. Siku mbili kabla ya safari baba na mama waligombana. Mama alikuwa ametia mfukoni visheti, sweta mbili na shuka ya ziada. Baba akavitoa, akisema kwamba kijana anakwenda kwa askari wala haendi harusini. Mama akavirudisha. Ugomvi huo haukuwa wa visheti. Kila mmoja alikuwa na neno kubwa moyoni asiloweza kulitamka, basi wakagombania lililo dogo.

Alfajiri kijana aliinama, akasema, "Shikamoo, baba." Baba akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Nenda, ukawatii wakubwa wako kama ulivyotutii sisi." Mama hakusema neno mpaka basi lilipoondoka. Mchana huo alipakua chakula kwa hesabu ile ile ya siku zote, sahani moja ikabaki imefunikwa. Baba alikaa barazani akiwaambia wenziwe kwamba yeye hana wasiwasi hata kidogo. Lakini kabla ya jua kuchwa alikuwa amewauliza watu wanne basi la Eldoret hufika saa ngapi.

Hofu ya wazazi kama hawa haikuzuka bure. Katika barabara ya Jomo Kenyatta, karibu na mitaa hiyo hiyo, zimesimama sanamu za askari zilizowekwa mwaka wa 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika na kufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwezi wa Februari mwaka wa 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Ceylon, ikiwa imebeba askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300.

Mambo ya karibu pia hayajasahauliwa. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba mwaka wa 2011, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, askari wengi wakafa. Tena Majengo ina kidonda chake yenyewe. Katika fujo za Agosti 2012 na za Februari 2014 jina la mtaa huu lilitangaa kwa ubaya, na wako wazazi wa Mombasa ambao wana wao waliondoka usiku bila kuaga, wakavuka mpaka kwenda kuingia katika vita, wala habari zao hazikurudi. Mzazi ambaye mwanawe ametoka mchana, kwa barua ya serikali na kwa dua ya wazee wake, ana huzuni. Lakini huzuni hiyo ina anwani. Anajua mwanawe alipo, na anajua mlango wa kubisha akitaka habari zake.

Jambo la kwanza, basi, ni kuiweka hofu mahali pake. Mafunzo si vita. Kurutu hufundishwa kwata, kutunza na kutumia silaha, kulenga shabaha, kukimbia na mzigo, kuwapa huduma ya kwanza walioumia, na kuishi porini. Hupigiwa kelele na huamshwa kabla ya kuku. Si kwamba wakufunzi wanamchukia, ila askari hana budi kuzoea kutii upesi akiwa amechoka na akili yake imetatizika. Mwana wa pwani ana shida moja zaidi: Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi ya asubuhi huuma, na pumzi hukatika upesi mpaka mwili uzoee. Mama yule hakukosea sana katika habari ya sweta.

Jambo la pili ni barua yenyewe. Hapa Kenya hakuna sheria ya kumlazimisha kijana kuwa askari. Huenda kwa hiari yake, akiwa na umri usiopungua miaka 18, na hapaswi kutozwa hata senti moja. Hata hivyo kila mwaka wako walaghai wauzao barua za uongo. Wazazi wamepata kuuza shamba au ng'ombe, na kijana akafika langoni Eldoret akatiwa mbaroni yeye, mwenye barua mkononi. Mzazi atakayeombwa fedha na ajue papo hapo kwamba anaibiwa, naye akapige ripoti.

Jambo la tatu ni ukimya. Kurutu hakai na simu yake kama alivyokuwa akikaa nayo nyumbani. Majuma yanaweza kupita bila neno, na katika majuma hayo uvumi hupata nafasi. Atakuja mtu aliyesikia kwa mtu kwamba makurutu wameumia, au kwamba wengine wamefukuzwa. Yafaa jamaa wapatane kabla ya safari ni nani atakayepigiwa simu kwanza, naye awape wengine habari. Tena kijana akipata nafasi ya kusema dakika tano, zisitumiwe kumweleza deni la kodi ya nyumba, wala ugomvi wa shangazi na jirani. Atalala na maneno hayo kitandani bila uwezo wa kuyatengeneza. Lakini msiba wa kweli asifichwe. Jambo kama hilo lipelekwe kwa wakubwa wa kambi, wamwambie kwa njia iliyo sawa. Mwana akija kugundua kwamba alifichwa kifo cha bibi yake, hatawaamini tena watu wa nyumbani wamwambiapo kwamba mambo ni mazuri.

Jambo la nne ni fedha. Mara nyingi, kabla kijana hajajifunza kupiga saluti, mshahara wake umekwisha kugawanywa barazani: huyu amejengewa chumba, huyu amelipiwa karo. Yafaa mzazi akumbuke kwamba mwanawe ndiye atakayelala kwenye matope. Amwache apokee mshahara wake wa kwanza, aushike, kisha atoe mwenyewe. Atoaye kwa hiari hutoa kwa miaka mingi.

Jambo la tano lawahusu wazazi wenyewe kwa wenyewe. Baba akidhani kwamba uanaume ni kunyamaza, na mama akidhani kwamba kunyamaza kwa baba ni kutojali, nyumba itakuwa na baridi kuliko Eldoret. Waseme. Watoto wadogo pia waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, maana nao wameona sahani iliyofunikwa.

Na kama aliyeitwa ni binti? Maneno ya watu huwa mengi zaidi, lakini njia imekwisha kufunguliwa. Kikosi cha wanawake kilichokuwa peke yake kilivunjwa mwaka wa 1999, wanawake wakaingizwa katika majeshi pamoja na wanaume. Bi Fatuma Ahmed, aliyeingia jeshini mwaka wa 1983, alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali mwaka wa 2018, na mwezi wa Mei mwaka wa 2024 akawekwa kuwa mkuu wa Jeshi la Anga la Kenya, mwanamke wa kwanza kuliongoza moja ya majeshi ya nchi hii. Naye pia aliondoka nyumbani kwao siku moja, akaacha wazazi nyuma.

Yuko pia kijana atakayerudi kabla ya kumaliza, kwa maradhi, kwa kuumia, au kwa kuwa kazi imemshinda. Huyo ndiye ahitajiye wazazi kuliko yule atakayefuzu. Aliyefuzu atapigiwa makofi kwenye gwaride, na nyimbo zitaimbwa. Aliyerudi atapita mtaani mchana kweupe, akitazamwa kutoka kila baraza. Baba akitoka kumpokea na kutembea naye bega kwa bega mpaka nyumbani, mtaa utanyamaza.

Ama yule atakayefuzu, atarudi si yule yule. Ataamka kabla ya adhana, atakunja shuka yake mwenyewe, atajibu kwa maneno machache. Mama atafurahi, na papo hapo atahisi kama amenyang'anywa kitu. Asihuzunike sana. Wanamaji wa pwani walisema zamani kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Katika nyumba ile ya mfano, simu ililia jioni moja, majuma mengi yalipokwisha kupita. Baba aliyesema kwamba hana wasiwasi ndiye aliyeikimbilia, akasahau viatu. Mama alikuwa ameweka moyoni maswali ishirini ya kumwuliza mwanawe. Alipopewa simu alisahau yote, akauliza moja tu: "Umekula, mwanangu?" Kijana akajibu kwamba amekula, na kwamba visheti vilikwisha siku ya kwanza, kwa kuwa aligawana na wenziwe. Baba aliposikia hayo akatazama chini, akanyamaza. Usiku ule mama alipakua kwa hesabu ya waliokuwapo, na wote wawili wakalala.