Si Kila Kijasumu ni Sumu

Neno 'kiuavijasumu', tulitumialo shuleni kwa maana ya antibiotiki, liliundwa kwa ustadi, ila lina ila yake. Ndani yake mna kuua, tena mna sumu. Mwanafunzi hulisoma akaamini kwamba kila bakteria ni adui, na kwamba afya ni kuwaangamiza wote. Mimi ni mtu wa isimu, si wa baiolojia. Lakini imani hiyo nimeikuta ikigharimu mali nyingi katika mabwawa ya kamba huko Asia. (Nasemea kamba aliwaye, si wa kufungia mzigo.)

Kuanzia mwaka 2009 nchini China, kisha Vietnam, Malaysia na Thailand, kamba wa kufugwa walikufa kwa wingi hata mwezi haujatimia tangu watiwe bwawani. Mnamo 2013 Donald Lightner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walimtambua mhalifu: bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus, wa aina itoayo sumu inayoharibu kiungo cha kamba kifanyacho kazi kama ya ini.

Wafugaji wengi walikuwa wakitakasa maji kwa klorini kabla ya kutia vifaranga. Hapo ndipo penye kitendawili. Bwawa halikai tupu: chakula kinachosazwa na kinyesi huoza chini, na bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao huzaana upesi mno, huwa wa kwanza kuingia nyumba isiyo na wenyewe. Antibiotiki nazo huchanganywa na chakula, na sehemu yake huishia majini na matopeni. Wafao ni wanyonge. Wasaliao ni sugu, na jeni za usugu huweza kuhamia kwa bakteria wanaotuuguza sisi. Januari 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia bidhaa za wanyama kutoka China, kamba wakiwemo, baada ya kukutwa mabaki ya kloramfenikoli, dawa iwezayo kudhuru uboho wa binadamu.

Nchini Ufilipino, miaka ya 1990, kulizuka ugonjwa wa Vibrio harveyi, bakteria ang'aaye gizani. Wafugaji huko walijaribu njia nyingine. Walifuga tilapia, yule tumwitaye ngege, katika hodhi la maji. Maji yakageuka kijani kwa miani, ndipo wakayaingiza kwenye mabwawa ya kamba. Bakteria wang'aao walipungua, kwa kuwa nyumba ilikwisha kuwa na wapangaji. Si kinga kamili. Sharti pia mfugaji apime vifaranga kabla ya kuwanunua, asiwasonge, aondoe matope na asizidishe chakula. Kazi ya kila siku isiyouzwa katika chupa.

Nasi hapa Kenya tungali tunanunua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki dukani kwa sababu ya mafua, ambayo hata hayaletwi na bakteria. Mwalimu wa sayansi anapoliandika ubaoni neno 'kiuavijasumu', namwomba aongeze dakika tano awaeleze wanafunzi ni nani hasa anayeuawa, na ni nani anayebaki.