Uongo wa "Mara Hakuna pa Kwenda"

Kila Desemba, vijana wetu wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kula sikukuu kwa wazazi hapa mkoani Mara, kauli ni ile ile: huku hakuna kitu. Musoma imelala, Bunda ni pa kupitia, Butiama ni kwa viongozi na wanafunzi wa ziara. Ukitaka kustarehe, panda basi uende Mwanza. Na si vijana peke yao. Watumishi waliohamishiwa kwetu huisema maofisini, wazazi huirudia mbele ya watoto, na bajeti za halmashauri zetu hupangwa kana kwamba ni kweli tupu.

Si kweli. Ni uongo tuliourithishana mpaka ukazoeleka, na unatugharimu.

Uongo huu una miguu miwili. Wa kwanza ni imani kwamba starehe iko kwa wengine siku zote, katika mji mkubwa wenye maghorofa na maduka ya vioo. Wa pili ni imani kwamba kutoka na familia kunahitaji fedha nyingi, hivyo mwenye kipato kidogo wa Bweri, Nyakato au Buhare akae nyumbani asubiri utajiri. Nitaikata yote miwili.

Musoma imejengwa juu ya rasi iliyochomoza ndani ya Ziwa Victoria. Kwa kuwa tuko ukingo wa mashariki, jua letu linazama majini. Watu wa pwani, kwa sifa zao zote, wanaliona likichomoza baharini asubuhi wakati wengi bado wamelala. Sisi tunalipata jioni, saa ya watu kutoka kazini. Ni bure. Kutoka Bweri, kwenye stendi ya mabasi, mpaka Makoko au Mwigobero ni nauli ya bajaji tu. Hata hivyo wapo watoto wa mitaa hiyo ya pembezoni wanaomaliza darasa la saba bila kukaa ufukweni na wazazi wao hata jioni moja, na mzazi ukimuuliza atakujibu kwamba Musoma hakuna pa kwenda.

Twende Mwigobero. Pale ni soko na ni mwalo. Boti zinapakia watu wanaovuka kwenda Kinesi, upande wa Rorya, na wachuuzi wa samaki wanapishana na wabeba mizigo. Kwa mama lishe, sato amechanjwa mistari ubavuni, amepakwa chumvi na limau, anatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yako. Kwenye sufuria ya pili unasongwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, wa rangi ya udongo, mzito, unaokaa tumboni mpaka jioni. Unanawishwa kwa jagi, unawekewa kachumbari na pilipili ya kuponda, unakula kwa mkono ukiwa umekaa kwenye benchi pamoja na mvuvi, mwalimu na dereva wa bodaboda. Asiye na fedha ya sato anakula dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, na wala hajapunjwa, maana dagaa wa ziwa letu akipata mkono wa kumpika ni chakula cha heshima.

Sasa fikiria hili. Sangara wa ziwa hili hili hukatwa minofu viwandani, hupakiwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya, ambako watu humlipia fedha nyingi hotelini. Sisi tunaye hapa, ametoka majini leo, halafu tunaamini kwamba mlo wa maana ni chipsi na kuku wa kisasa kwenye duka la vioo umbali wa zaidi ya kilomita 200. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tumeuacha, tena tunalipa nauli kuufuata msala.

Naijua hoja ya Mwanza. Mwanza ni mji mzuri, una mawe ya ajabu na kisiwa cha Saanane. Sina ugomvi na Mwanza. Ugomvi wangu ni na mtu wa Musoma anayekwenda kupiga picha na mawe ya Mwanza huku mawe makubwa ya kwao ameyageuza mahali pa kuanikia nguo na kutupia taka.

Hapo hapo mjini iko Shule ya Msingi Mwisenge. Mwaka 1934 aliingia pale mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Burito, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hii, Mwalimu Nyerere. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililobadilisha elimu ya nchi nzima na kuisukuma serikali kuwaingiza watoto wote shuleni. Mji uliobeba mambo hayo hauwezi kuitwa mji usio na kitu. Kilichokosekana ni mzazi wa kumshika mtoto mkono na kumwambia: hapa ndipo ilipotokea.

Butiama nako tumepatenga kwa namna yetu. Tumewaachia viongozi wa Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu, wanaokuja na misafara na kuondoka. Lakini Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yako wazi kwa yeyote, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Hapo hapo Butiama, eneo la Mwitongo alikozikwa Oktoba ya mwaka huo huo, kuna kaburi lake, na kuna mawe na miti ambayo mtu yeyote mwenye nafasi angetamani kukaa chini yake. Kutoka Musoma ni zaidi kidogo ya kilomita 40. Familia ikiondoka asubuhi kwa haisi, ikaona makumbusho, ikapumzika, ikala wali na maharage au ugali na nyama kwenye migahawa midogo ya pale Butiama, inarudi nyumbani kabla ya giza. Mtoto aliyeona vitu vya Mwalimu kwa macho yake hatahitaji kukaririshwa kwamba alikuwa mtu wa maisha ya kawaida.

Na Bunda? Wengi tunaijua kupitia dirisha la basi: mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, soda ya baridi, dereva anapiga honi, safari inaendelea. Lakini ukitoka Bunda kuelekea Mwanza, kando ya barabara kuu, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1951 watu huitafuta kutoka Marekani, Ujerumani na Japani, wakilipa fedha nyingi. Sisi tunalipa kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Gharama kubwa ni gari, na dawa yake tunayo: vikundi vya kuweka na kukopa vimejaa kila mtaa. Kikundi cha akina mama kinachoweza kuchangishana sare za harusi kinaweza kuchangishana kukodi gari siku moja kwa mwaka watoto wakaone tembo. Inauma kwamba wapo watoto wa Bunda wanaomjua tembo kama adui wa shamba la mahindi tu, anayeingia usiku na kuacha njaa, na hawajawahi kumwona kama fahari ya nchi yao.

Nauona mkono ukinyooshwa: maneno mazuri, lakini watu hawana hela. Hoja hii ni nzito na siidharau. Mkoa wetu una kaya nyingi ambazo mlo wa leo haujulikani, na simwambii mama wa kaya hiyo aache kununua unga akanunue nauli. Nasema na mwingine. Nasema na baba anayekaa baa Jumamosi na Jumapili, akaagiza bia kwa zamu na marafiki, nyama choma ya kilo ikaletwa mezani, halafu akarudi nyumbani na kusema kwamba kuwatoa watoto ni anasa. Sahani ya ugali na dagaa kwa mama lishe mara nyingi ni bei ya bia moja au pungufu. Fedha ya jioni moja ya baa inawalisha mke na watoto wanne ufukweni, nauli ikiwemo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mara kuna pa kwenda, ila starehe imefanywa mali ya wanaume wazima. Mwanamume ana baa, ana kijiwe, ana mnada. Mnadani watu huuza ng'ombe, hununua mitumba, hula nyama chini ya mti na kupiga soga mpaka jua lipoe. Kama hiyo si starehe ya bei nafuu, sijui ni nini. Mwanamke ana kanisa au msikiti, na misiba. Mtoto hana kitu. Kwa hiyo anayesema "hakuna pa kwenda" aulizwe kwanza: hakuna pa kwenda nani?

Hoja ya pili ninayoisikia ni uchafu. Wanasema chakula cha kibandani kinaleta magonjwa. Kibanda kichafu kipo, kama ilivyo hoteli chafu yenye vitambaa vyeupe. Tofauti ni kwamba jikoni kwa mama lishe unakuona. Unaona maji yanachemka, unaona sahani inavyooshwa, na ukichukizwa unaondoka. Tena tuseme ukweli wote: mama lishe anatozwa ushuru, lakini mara nyingi hana bomba la maji karibu wala choo cha wateja. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walitakiwa kulipa shilingi 20,000 wapate vitambulisho. Mwaka 2021 nchi nzima ikashuhudia operesheni ya kuwaondoa barabarani kwa hoja kwamba wanachafua miji. Walilipa ili watambuliwe, kisha wakaonekana takataka. Mji unaomwona anayewalisha watu wake kama takataka hauwezi kujua una nini.

Ziwa nalo lina hatari zake, na nisingependa mtu aende kwa maneno yangu akapate madhara. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na sehemu nyingine zina mamba na viboko. Usimwache mtoto aogelee popote, waulize wenyeji. Ukivuka kwa boti, vaa jaketi okozi hata kama wengine hawavai. Lakini kukaa kwenye nyasi na kutazama maji hakujawahi kumpa mtu kichocho.

Sasa niseme na halmashauri zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo ilitungwa kulinda maji, lakini ndani yake mna zawadi kwa mwananchi: ukingo usiojengewa ukuta ni ukingo anaoweza kuufikia. Kila uzio unaoshuka mpaka majini unamnyima mtoto wa Bweri ziwa lake, na kila uzio wa namna hiyo kuna aliyeufumbia macho. Isimamiwe sheria, kwa mkubwa na kwa mdogo sawasawa.

Ukingo huo ukishakuwa wazi, hauhitaji mradi wa mabilioni. Unahitaji miti ya kivuli, mabenchi ya kuhamishika, taa chache na mtu wa kukusanya taka, na nyuma ya mita hizo 60, choo kinachofanya kazi na bomba la maji. Halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya mama lishe wa Mwigobero, Butiama na stendi ya Bunda viwe miongoni mwa vinavyofikiriwa kwanza, wapate meza safi, majiko bora na matangi ya maji. Fedha hiyo itarudi, kwa sababu watu watakula. Hamna haja ya kumsubiri mwekezaji kutoka mbali aje atuambie kwamba ziwa letu ni zuri.

Imani kwamba kwetu hakuna kitu huzaa vijana wanaoondoka bila kuangalia nyuma, na mji unaoaminiwa kuwa hauna kitu haulindwi. Ufukwe unamegwa, mawe yanapasuliwa kuwa kokoto, na hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa hakuna mwenye kumbukumbu yake pale. Watu hupigania mahali walipowahi kufurahi na wazazi wao.

Kwa hiyo, baba wa Nyakato na mama wa Bweri, naomba jambo moja dogo. Jumamosi ijayo msisubiri mgeni wala sikukuu. Wachukueni watoto saa kumi jioni, shukeni ziwani, agizeni samaki mmoja mgawane, mkae mpaka jua lizame. Nanyi madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama, kikao kijacho cha bajeti mtenge fungu la mabenchi, vyoo na maji kabla ya fungu la posho. Na yeyote atakayesimama mbele yenu kusema Mara hakuna pa kwenda, mwambieni anasema uongo, kisha mpelekeni akaone.