Ilani ya Majirani wa Rukanga Kuhusu Nani Aongoze

Sisi wakazi wa Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, tumeamua kuanzisha kikundi cha majirani. Si chama cha siasa, si kanisa, wala si tawi la shirika lolote la Nairobi. Kazi zake kila mtu hapa anazijua: bomba la maji linaloshuka kutoka mlimani, ndovu wanaoingia mashambani usiku, karo za watoto, matanga, na mgonjwa wa kukimbizwa Voi saa nane za usiku kwa barabara ya vumbi hadi Maungu. Kwa hayo peke yake tusingehitaji ilani. Daftari na kalamu zingetosha.

Tunaandika kwa sababu ya jambo moja ambalo katiba za vikundi vingine hulipita kimya. Katika kikundi hiki, mwanamume anayempenda mwanamume, mwanamke anayempenda mwanamke, na mtu ambaye mwili wake au nafsi yake haiingii katika visanduku viwili vya fomu, ataweza kujitolea kuongoza. Atapigiwa kura kama mwingine yeyote, atashika kitabu cha fedha akichaguliwa, na ataondolewa kwa kura akizembea. Hataulizwa analala na nani.

Tunajua wapo watakaotaka kuitupa karatasi hii hapa. Tunawaomba wasome kwanza habari za wazee wao wenyewe.

Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakipigana huku mpakani, Wakasigau walishukiwa kwamba wamewasaidia Wajerumani. Shuku hiyo ilitosha. Watu wa mlima huu, mkubwa kwa mdogo, waling'olewa na serikali ya Kiingereza wakapelekwa Malindi, nchi ya joto na homa ambayo miili yao haikuizoea. Wengi walifia huko. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Haikuulizwa nani hasa alifanya nini. Mtoto aliyekuwa akinyonya aliadhibiwa sawa na mtu mzima aliyedaiwa kuwaonyesha maadui njia. Kosa lao lilikuwa kuwa watu wa aina fulani, mahali fulani, wakati uvumi ulipopita.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunawaheshimu wahenga, ila methali hii hatutaiweka katika katiba yetu. Ndiyo iliyowafikisha babu zetu Malindi. Nani aseme mbele ya watu kwamba sisi, wajukuu wa waliofukuzwa kwa shuku, tuna haki ya kumfukuza jirani kwa shuku?

Na hatusemi mambo ya kale tu. Februari 2010, huko Mtwapa, uvumi ulienea kwamba wanaume wawili wanataka kufunga ndoa. Umati ulikusanyika ukaizunguka kliniki ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mahali watu walipokuwa wakipata huduma za virusi vya Ukimwi. Watu walipigwa. Harusi yenyewe haikuonekana. Kilichobaki ni wagonjwa walioogopa kwenda kuchukua dawa, na ugonjwa haujui nani ni shoga na nani ni mzee wa kanisa. Baadaye shirika la PEMA la Mombasa, lililoundwa na watu wa jamii hiyo hiyo iliyokuwa ikiwindwa, lilifanya jambo gumu kuliko kukimbia: likaketi na mashehe na wachungaji, likazungumza nao. Hawakukubaliana kwa yote. Walijuana nyuso, basi. Sisi hapa tunaanzia mahali pazuri zaidi, maana nyuso tunajuana tangu chekechea.

Sasa tuseme wazi kuhusu sheria, tusije tukaambiwa tumewadanganya watu. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya bado kipo, na kinataja kifungo cha miaka 14 kwa kile kinachoitwa kinyume cha maumbile. Kifungu cha 165 kipo pia, miaka mitano. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa. Ni vifungu tulivyorithi kwa wakoloni, serikali ile ile iliyowahamisha Wakasigau, na inatushangaza kuona vinatetewa leo kama mila ya Mwafrika. Hata hivyo kikundi hiki hakiahidi kuvifuta. Hatuna uwezo huo, na bomba lina uvujaji wa kutosha kutushughulisha.

Tulicho nacho ni haki ya kujumuika. Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake. Wakili Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ikayakataa majina aliyopeleka, kila moja, kwa sababu ya maneno hayo mawili. Akaenda mahakamani. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda Mahakama ya Rufani mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kumnyima mtu usajili kwa sababu ya anavyopenda ni ubaguzi unaovunja Katiba. Septemba ya mwaka huo huo ombi la kutaka uamuzi huo upitiwe upya likatupwa. Kesi nzima ilichukua karibu miaka kumi, kwa ajili ya ruhusa ya kuandika jina kwenye cheti.

Sisi hatuombi jina kama lile. Hiki si kikundi cha mashoga wa Rukanga. Ni kikundi cha Rukanga, na kama Rukanga ina watu hao, basi ni chao pia. Tofauti hii ni muhimu kwetu. Wapo wanaoweza kukubali watu wa namna hiyo wawe na ofisi yao mjini, mbali, ilhali kumwona mmoja wao akiitisha mkutano chini ya mwembe, akisoma hesabu, akimkumbusha mzee fulani kwamba hajatoa mchango wa matanga miezi mitatu, hapo ndipo moyo unapokataa. Kwa hiyo hapo ndipo tumeanzia.

Hatuko wa kwanza kuanzia mtaani. Huko San Francisco, Marekani, kuna mtaa uitwao Castro ambao umekuwa makao ya mashoga kwa zaidi ya nusu karne. Harvey Milk alikuwa na duka la kamera pale, akaanza kwa kuwaunganisha wenye maduka wa mtaani, na mwaka 1977 akachaguliwa kuingia baraza la jiji. Dunia inamkumbuka kwa hotuba, na kwa kuuawa kwake Novemba 1978. Wachache wanakumbuka kwamba sheria iliyompa umaarufu jijini ilikuwa ya kuwalazimisha wenye mbwa kuokota mavi ya mbwa wao barabarani. Tumeipenda hiyo kuliko hotuba zake zote. Kiongozi wa mtaa hupimwa kwa mavi na maji na mashimo, na hapa kwetu wanyama wanaoacha mavi barabarani ni wakubwa zaidi.

Tuje kwenye hofu inayosemwa kwa sauti ya chini: kwamba mtu kama huyo hafai kupewa fedha za watu. Tumelifikiria sana swali hili kwa sababu fedha hapa si mchezo. Zaidi ya miaka kumi sasa, fedha za kaboni za ukanda wa Kasigau, yaani malipo ya kutunza misitu, zimekuwa zikipita mikononi mwa kamati zinazochaguliwa na wananchi, zikilipa karo na miradi ya maji. Tumeona kamati nzuri na tumeona kamati za kuchosha. Na tumejifunza kwamba kiongozi wa kuogopwa ni yule mwenye siri ambayo mtu mwingine anaijua.

Fikirini. Kijana anachaguliwa mweka hazina. Ni mwaminifu, anajua hesabu. Siku moja anapigiwa simu na mtu asiyemjua vizuri: tuma elfu tano kwa M-Pesa, ama picha zako zimfikie mama yako na mchungaji. Anatuma za kwake. Wiki ijayo anadaiwa elfu kumi. Za kwake zimekwisha. Sanduku la kikundi liko chini ya kitanda chake. Ulaghai huu umewakuta wengi kote nchini, na wanaoufanya wanajua mwathiriwa hataenda polisi, maana akienda atajieleza kwanza yeye. Mwizi hapo ni nani? Kijana ana sehemu yake ya lawama, hatumwachii. Lakini kisu alichowekewa shingoni tulikinoa sisi wenyewe, kila tulipocheka mzaha wa mashoga kwenye kibanda cha chai. Palipo na kikundi ambacho hakimfukuzi mtu kwa siri hiyo, simu ile haina bei. Mtu anajibu, “Waambie,” kisha anakata.

Kwa hiyo kutouliza kwetu si upole wa moyo pekee. Ni kulinda sanduku.

Tusi la ushoga linatumika pia wakati wa uchaguzi. Mtu akianza kuuliza maswali kuhusu karo zilikwenda kwa watoto wa nani, hajibiwi kwa hesabu. Inanong'onwa kwamba hajaoa, na ana miaka thelathini na minane, je, mmeona? Mwanamke akisema sana anaitwa msagaji, hata akiwa na watoto watano. Tusi hili halijawahi kuwadhuru mashoga peke yao. Linamnyamazisha yeyote anayesumbua. Katika mikutano yetu, atakayelitoa badala ya kujibu swali ataambiwa aketi, na swali litabaki mezani mpaka lijibiwe.

Daftari letu la wanachama litakuwa na jina, kitongoji, namba ya simu na mchango. Hakuna safu nyingine. Hatutaki kujua, hatutaandika, na hatutamlazimisha mtu ajitangaze ili tuonekane wa kisasa. Mwenye kutaka kuishi kimya aishi kimya. Mwenye kutaka kusema aseme, na asikilizwe kama anayesema habari za bomba. Mwanachama atakayepeleka habari za mwenzake kwa wageni, kwa kulipwa au kwa kupenda uvumi, atatoka. Kwa hili hatuna onyo la kwanza wala la pili.

Wazazi wa watoto wenye jinsia tata tunawataja kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani wako peke yao na wamerogwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye jinsia tata kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524 nchini kote, na kila mtu anajua waliofichwa hawakuhesabiwa. Mama mwenye mtoto kama huyo atapata hapa mtu wa kumsindikiza hospitali, si mtu wa kumshauri amfiche.

Kuhusu dini: wengi wetu ni Wakristo, wapo Waislamu, na wapo wazee wanaoshika ya mababu. Hatumwombi yeyote abadili anachoamini. Mchungaji anayehubiri Jumapili kwamba jambo hili ni dhambi anakaribishwa kujiunga, mradi Jumatatu akishika jembe pamoja na mwenye dhambi asimzungumzie habari za jehanamu wakiwa mtaroni. Yeye pia atafiwa, na yule yule atakuja kumbebea maji ya matanga. Hapa tumewahi kuona mtu akitumwa usiku kucha katika misiba ya watu, akichinja, akipika, akichimba, kisha kiti cha uenyekiti kinapokuwa wazi anaambiwa wewe bado. Fadhila ya punda ni mateke, ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia sasa aliyetumika ana haki ya kugombea.

Na matanga yenyewe: mwanachama akifa, tutamzika. Familia yake ikimkataa kwa sababu ya alivyokuwa, tutakwenda kuzungumza nao kwa adabu, mara ya kwanza na ya pili, kwa kuwatumia wazee wanaoheshimiwa. Wakiendelea kukataa, jeneza, gari na chakula vitatoka kwenye sanduku lake, kwa sababu alichangia. Aliyempenda ataketi mahali wafiwa wanapoketi.

Uongozi ni wa kujitolea. Hakuna posho ya kuketi, hakuna nauli isipokuwa kwa safari iliyoidhinishwa na mkutano, na risiti iletwe. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watakaa miaka miwili, wasizidi mara mbili. Hesabu zitasomwa kwa sauti kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu anayechangia bila kusoma na kuandika ana haki ya kujua ishirini yake ilikokwenda. Akina mama wasusi wa vikapu wametuonyesha namna ya kuweka akiba kuliko semina yoyote tuliyowahi kuhudhuria, na tutawaomba watukague. Wasipokubali bure, tutawalipa.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba, na fomu kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kumi tunao, na zaidi. Nakala ya ilani hii itapelekwa kwa chifu kabla ya fomu, asije akaisikia kwa njia ya uvumi. Nakala nyingine zitakwenda Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi, kwa sababu mlima ni mmoja na maji ni yale yale. Wakitaka kuanzisha vyao tutawapa katiba yetu waikosoe.

Mkutano wa kwanza ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwenye tangi la juu. Wanaopinga wanakaribishwa, na watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura. Kila mtu aje na jembe au panga, maana tope limeziba mdomo wa bomba tangu mvua zilizopita na tutaanza na hilo.