Mkwaruzo wa Besi Hauna Dhambi

Wapo wazee wenzangu hapa Makongolosi wanaoamini kwamba kijana akikanyaga kile kisanduku cha kukwaruzisha sauti ya gitaa la besi, amepotoka. Husema anauharibu muziki kwa kelele za kigeni.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Nikiwa mwalimu kijana, miaka ya sabini, nilimwondoa mwanafunzi katika bendi ya shule kwa sababu alichana karatasi ya spika ili besi ikorome. Spika ilikuwa mali ya shule, na kwa hilo alistahili adhabu. Lakini sikumwuliza alikuwa anatafuta nini. Hilo ni kosa langu, na ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na hoja ya ugeni. Wagogo wa Dodoma wana ilimba. Ubao wake hutobolewa tundu, kisha tundu huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila mlio ufuatwe na mvumo wa kukwaruza. Je, mafundi wale hawakujua sauti safi? Waliijua, wakaamua kuitia chumvi. Mkwaruzo haukuja kwetu na umeme.

Hata huko Marekani kisanduku cha mkwaruzo kilitokana na besi, tena kwa bahati mbaya. Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi la nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961. Njia moja ya mtambo wa studio ikaharibika, besi ikakoroma, nao wakauacha mlio ule. Mwaka 1962 kikauzwa kisanduku cha kuuiga, Maestro Fuzz-Tone. Wale walisikiliza kwanza, wakahukumu baadaye. Mimi nilihukumu tu.

Vijana nao nisiwaache salama. Wengi huchagua pedali kwa ukali wake. Mjukuu wangu alinunua yake kwa fedha ya kazi ya karasha, kusaga mawe ya dhahabu. Ilikuwa ya gitaa la solo. Siku ya mazoezi ya kwaya aliikanyaga, na papo hapo waimbaji wakapoteza pa kusimama. Akaniuliza, "Babu, mbona nikikanyaga ninapotea?"

Sababu si uchawi. Pedali hukuza umeme wa gitaa mpaka vilele vya mawimbi vikatwe, na kukatwa huko huzaa milio mingi ya juu. Uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Pedali nyingi za solo huchuja milio ya chini namna hiyo ili gitaa lisikike kwa wepesi. Mpiga solo hapungukiwi kitu, bali mpiga besi hunyang'anywa msingi wa nyumba.

Tuliazima mbili za besi kwa wapigaji wa Mbeya mjini. Boss ODB-3, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1994, ina kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa kwa kiasi upendacho. Mlio wake ni mkavu wenye meno, na vidole vya mpigaji huonekana. Bass Big Muff ya Electro-Harmonix ni nzito, hujaa kama moshi jikoni, nayo ina swichi ya kurudisha sauti safi chini ya ule moshi. Kwa kwaya ningechukua ya kwanza. Kwa bendi ya watu watatu, ambamo besi yabidi izibe pengo, ningechukua ya pili. Ile ya solo nisingeichukua kwa besi hata kwa bure.

Kipimo changu ni hiki: simama nyuma kabisa ya ukumbi, kijana akanyage, nawe jaribu kuimba sauti ya besi. Ukiipata, pedali inafaa. Ukiikosa, mwambie aizime, hata kama ni ya bei kubwa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee wenzangu, kabla ya kumfukuza kijana kwaya, nendeni nyuma ya ukumbi mkasikilize. Yule wangu wa miaka ya sabini hakurudi tena kwenye bendi, na gitaa la shule lilikaa ukutani mwaka mzima bila mpigaji.